Mheshimiwa Hana Kiu

Nchi yetu ya Tosha ni ndogo. Jogoo akiwika mpaka wa mashariki, watu wa mpaka wa magharibi wanaamka na kutafuta mswaki. Kwenye ramani nyingi hamtaiona, kwa sababu wachora ramani wana wivu. Basi msihangaike kuitafuta, wala msianze kukonyezana mkidhani naisema nchi yenu. Mimi ni Karani wa Kumbukumbu, Daraja la Pili, katika Wizara ya Afya ya Tosha. Ninayoyaeleza hapa yote yamepigwa muhuri, na muhuri haujui kusema uongo.

Mambo yalianza Waziri wetu aliporudi kutoka mkutano wa ng'ambo akiwa amenuna. Huko kila nchi ilisimama ikaeleza jinsi inavyofanya tathmini ya athari za kiafya. Kabla ya kujenga barabara au kiwanda, serikali inajiuliza kwanza: jambo hili litawafanya nini watu? Mapafu yao, figo zao, usingizi wao? Zamu ya Tosha ilipofika, Waziri alisimama akasema, "Na sisi tunawasalimu," akaketi. Alipigiwa makofi, lakini alijua ni makofi ya huruma.

Aibu ya kiongozi ni aibu ya taifa. Bunge lilipitisha Sheria ya Tathmini ya Athari za Kiafya kwa dakika arobaini, mapumziko ya chai yakiwemo. Hakuna aliyeisoma, maana kusoma sheria kabla ya kuipitisha ni kumvunjia heshima aliyeileta. Ilinakiliwa neno kwa neno kutoka nchi moja ya baridi, pamoja na kifungu cha tisa kinachoagiza theluji iondolewe barabarani kabla ya saa mbili asubuhi. Kifungu hicho tunakitekeleza kwa asilimia mia moja. Njooni mkague.

*

Kazi ikawa kupima. Vijana wawili wataalamu, ndiyo kwanza wametoka masomoni, wakapendekeza twende vijijini, tuwaulize watu hali zao, tupime maji, tuhesabu wanaokohoa. Mkurugenzi wetu, Bi Leokadia, mama mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutosomea, alishtuka mpaka kikombe kikagonga sahani.

"Mkamuulize mwananchi anaumwa wapi?" alisema. "Si atawajibu?"

Hatari hiyo hakuna aliyekuwa ameifikiria.

"Sasa nisikilizeni," aliendelea. "Mbunge ni nani?"

"Mwakilishi wa wananchi," tukajibu.

"Wananchi wakialikwa karamu Ikulu, anakwenda nani?"

"Mbunge."

"Wakipata safari ya mafunzo kwa ndege?"

"Mbunge."

"Wakitengewa gari?"

"Mbunge!"

"Basi kwa nini wakitakiwa kupimwa presha mnataka kuwasumbua waende wenyewe?"

Nakiri kwamba nilitokwa na machozi. Nimeandika kumbukumbu za vikao miaka kumi na tisa na sijapata kuona hoja iliyonyooka namna ile. Ikaamuliwa hapo hapo kuwa afya ya jimbo ni afya ya mbunge wake, na kwamba lolote analolipata mwilini, wamelipata waliomchagua. Tosha ina majimbo kumi na mawili. Taifa zima lilipimwa asubuhi moja kwenye kantini ya Bunge, kati ya chai na chakula cha mchana.

Matokeo yalitutisha. Mtosha wa kawaida ana kilo mia na kumi na nane na kitambi. Taifa zima lina gauti.

Serikali haikulala. Kampeni ya "Punguza Nyama, Okoa Taifa" ilisambaa na vipaza sauti mpaka vijiji ambavyo nyama huonekana Idi na Krismasi tu. Katika kijiji cha Nyamwela mwanamke mmoja, Mama Nyamizi, aliomba aonyeshwe hiyo nyama kwanza ili aweze kuikwepa. Tulimwandika mkaidi. Baada ya miezi mitatu tulikwenda kuhesabu, tukakuta ulaji wa nyama vijijini umeshuka mpaka sifuri. Waziri akavishwa nishani, na picha yake akiwa ameshika mchicha ikatundikwa katika kila ofisi.

Kutoka hapo tathmini zilikwenda kama maji mteremkoni. Barabara isiyo na mifereji ilipita, kwa kuwa gari la mbunge wa pale liko juu na hakulowa. Wodi ya wazazi ilifungwa bila athari yoyote, kwani mbunge wa jimbo hilo ni mwanamume na mapigo yake ya moyo hayakubadilika.

*

Siku moja alikuja ofisini mwanamke wa makamo, kanga begani, kikombe cha bati kikining'inia kwenye kamba ya mkoba wake. Alikuwa amesafiri siku nzima.

"Shikamoo, Mama," nikamwambia. "Umekuja kama nani?"

"Marahaba. Naitwa Tausi. Ni muuguzi wa zahanati ya Nyamwela."

"Umetumwa na zahanati?"

"Hapana. Nimekuja kama mtu anayekunywa maji ya kule."

Nilitafuta kwenye droo zote. "Mama, fomu ya hiyo hatuna."

Akaketi hata hivyo, akaniambia shida yake. Mwekezaji alikuwa amepewa kiwanja hatua sitini juu ya chemchemi ya Nyamwela ili ajenge kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari, atoe madini ya risasi yaliyomo. Watu elfu moja na mia nne wanachota maji pale, na chemchemi nyingine hakuna.

"Nilishafanya kazi kwenye mji wenye kiwanda cha namna hiyo," alisema. "Vumbi lake halina harufu, halina ladha, linaingia tu. Kulikuwa na mtoto aliyejua kuhesabu mpaka mia. Mwaka uliofuata akawa anafika ishirini, anasimama, ananitazama. Mpaka leo ananitazama, baba. Sasa ninaye mjukuu wangu, Siwema. Ameanza kujifunza juzijuzi. Yuko arobaini na tisa."

Nilipenda kumsaidia, kwa hiyo nikamfungulia jalada ili atulie mwenyewe. Mbunge wa jimbo lake, Mheshimiwa Fikirini Lugome, alishapimwa. Anaishi mji mkuu mwaka wa kumi na moja huu. Tathmini ilionyesha kuwa kiwanda hakina madhara kwa wananchi; tena, tangu mwekezaji aanze kumtembelea, wananchi wamepata hamu ya kula na wamenunua kochi jipya.

Mama Tausi alisoma hayo mara mbili. "Na sheria yenyewe iko wapi?"

Swali hilo hatujawahi kuulizwa. Niliikuta chini ya mguu wa meza yangu, ambako ilikuwa inazuia meza isiyumbe. Akaichukua, akakaa kwenye benchi la wageni tangu saa tatu mpaka tunafunga. Mimi nikawa naandika huku meza inacheza. Hatimaye akaja na kidole juu ya kifungu cha kumi na nne.

"Nisomee hapa, baba, macho yangu yamechoka."

Nikasoma kwa sauti: "Mpimwaji ataishi mahali pa mradi siku thelathini mfululizo, akila na kunywa vya mahali hapo, kabla na baada ya mitambo kuwashwa. Akiondoka, siku zitaanza kuhesabiwa upya."

"Basi," alisema Mama Tausi, "mleteni."

*

Mama Tausi aliliandika dai lake, na kwa kawaida barua ya namna hiyo huzeeka kwenye trei. Lakini wiki hiyo hiyo wale wenye mkutano wa ng'ambo waliandika kuwa wanatuma wageni watatu kuja kujifunza jinsi Tosha inavyofanya tathmini. Waziri akataka mfano wa kuonyesha, tena uliofuata kila kifungu. Mheshimiwa Lugome akaamriwa kwenda kuishi jimboni kwake. Ilibidi aelekezwe njia.

Alifika Nyamwela na magari mawili, mpishi, walinzi, na katoni arobaini za maji ya chupa. Mimi nilitumwa kuandika. Wanakijiji walikuwa wamejipanga barabarani, Mama Tausi mbele.

"Karibu nyumbani, Mheshimiwa. Maji haya ni ya nani?"

"Yangu."

"Ahsante sana. Yako ni yetu. Si wewe ndiye sisi?"

Kabla Mheshimiwa hajajibu, katoni zilikuwa zinatembea kichwani mwa watu kuelekea majumbani, kwa nidhamu, kila mmoja akisaini kwenye daftari langu. Nilimpigia simu Bi Leokadia. Akasema kisheria hawajakosea. Mheshimiwa alibakiwa na chupa sita alizozificha kwenye buti la gari.

Basi akanywa maji ya chemchemi, akala ugali na mlenda kama wenzake, akatembea kwa miguu kwa kuwa njia za ndani za Nyamwela hazipitiki kwa gari (tathmini yake ilipita). Jambo la ajabu likatokea. Wiki ya pili gauti ilimtoka. Siku ya kumi na saba alionekana akikimbia, walinzi wakapiga mbizi wakidhani kuna hatari, kumbe anacheza kombolela na watoto. Niliripoti kuwa jimbo limepungua kilo tisa. Jioni moja nilimsikia akimwambia Mama Tausi, "Maji yenu matamu." Mama Tausi akamjibu, "Yako pia, Mheshimiwa." Nikamwona amefikiri kidogo, halafu akaacha.

Siku ya ishirini na tano tanuri la kwanza la kiwanda, lililojengwa harakaharaka ili wageni wasikute kiwanja kitupu, liliwashwa kwa majaribio. Jana yake Mama Tausi alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Kila mtungi, kila dumu, kila ndoo na hata masufuria ya harusi yalijazwa maji na kufunikwa.

"Mtoto yeyote asiguse chemchemi," alisema. "Haya yatatufikisha wiki moja. Baada ya hapo sijui, na sitawadanganya."

*

Siku ya ishirini na nane Bi Leokadia alikuja na mizani na mashine ya presha kwa kipimo cha "baada". Tulikwenda chemchemini, kijiji kizima nyuma yetu. Juu ya maji kulikuwa na utando wa kijivu, na mbuzi mmoja aliyefika kabla yetu alinusa akageuka. Mbuzi hawakilishi mtu, kwa hiyo sikumwandika.

Mama Tausi alichota kwa kikombe chake cha bati, akampa Mheshimiwa kwa mikono miwili, kwa adabu.

Mheshimiwa akakitazama kikombe. Akamtazama mwekezaji, aliyekuwa amesimama mbali kidogo na chupa yake ya maji kutoka nje. Akatutazama sisi.

"Sina kiu," akasema.

Nikaandika. Bi Leokadia akavua miwani ya kusomea, akavaa ya kutosomea, akatamka matokeo rasmi: "Mwakilishi hana kiu. Kwa hiyo wananchi wa Nyamwela hawana kiu. Kwa hiyo chemchemi hii ni ya ziada, na itakabidhiwa kiwandani kwa ajili ya kupozea tanuri."

Siwema, aliyekuwa mgongoni kwa bibi yake ingawa alishapita umri wa kubebwa, aliuliza kama na yeye hana kiu. Mimi nilijisikia vibaya, nasema kweli, na sikujua kwa nini, maana utaratibu ulikuwa umefuatwa.

Mama Tausi akanisogelea. "Umeyaandika yote?"

"Yote, Mama."

"Vizuri. Usifute hata nukta."

*

Nyamwela mgeni haagwi mikono mitupu, hupikiwa pilau. Siku ya ishirini na tisa, adhuhuri, jamvi lilitandikwa uwanjani na Mheshimiwa akakalishwa mahali pa heshima. Alikuja amechangamka kwa njaa. Chupa zake sita, alizokuwa akinywa tangu tanuri liwashwe, zilikwisha jana yake, na mpishi wake hakuwa na maji ya kupikia hata yai. Harufu ya iliki na mdalasini ilikuwa inawatoa watu mate mpaka barabarani.

Mbele yake waliweka sahani tupu, safi kabisa.

"Mheshimiwa," alisema Mama Nyamizi, yule mkaidi wetu, "miaka kumi na moja umehangaika kula kwa niaba yetu. Leo tumeamua upumzike. Tutakula kwa niaba yako."

Wakaosha mikono, wakaanza. Mheshimiwa alicheka sana, akawaambia kweli Nyamwela mna utani. Wao wakaendelea kumega.

"Umeshiba, Mheshimiwa?" aliuliza mmoja akijipangusa mdomo.

"Anaona haya huyo," akajibu Mama Nyamizi. "Mwongezeeni!" Wakajiongezea.

Kisha mtungi ukazungushwa. Mtu akinywa, anashusha pumzi, anamwambia, "Umeburudika, Mheshimiwa," na wote wanamwitikia kwa niaba yake, "Ahsanteni." Ilipofika sahani ya tatu Mheshimiwa alikuwa hacheki tena. Akamwita dereva wake waondoke. Dereva alijibu mdomo umejaa kwamba yeye pia ni mwananchi, yuko kazini anamwakilisha. Halafu kulikuwa na kifungu cha kumi na nne: akiondoka leo, anaanza siku thelathini upya, na wageni wanafika kesho.

"Nitalala tu," alisema.

"Usijisumbue," walimwambia kwa upole. "Tutakulalia."

*

Asubuhi ya siku ya thelathini alikuja Waziri na wageni watatu, na Bi Leokadia, na bendi. Waziri alihutubia saa moja na nusu juani. Alisema Tosha imeupita ulimwengu, kwamba wengine bado wanahangaika kupima watu mmoja mmoja kama wanaochagua nyanya, ilhali sisi tumevumbua mwananchi wa jumla. Kisha akamkaribisha mwananchi huyo anywe maji ya mradi mbele ya wageni.

Mheshimiwa Lugome alisimama. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mama Tausi alimpa kikombe cha bati kilekile, maji yaleyale, utando uleule. Nilimwona anakisogeza mdomoni, maana kiu ni kiu, kisha akateremsha macho chini ya kikombe, akamwona Siwema amekaa pale mbele anahesabu viatu vya wageni.

"Nina kiu," alisema kwa sauti ndogo.

"Umesemaje, Mheshimiwa?" Waziri aliuliza akitabasamu kwa wageni.

"Nasema nina kiu! Nina kiu tangu juzi! Na maji haya hata mbwa wangu simpi, nyie wenyewe hamnywi, huyo mwekezaji hanywi, nani anywe?"

Kalamu yangu ilikuwa inakimbia. Mama Tausi hakupaza sauti. "Mheshimiwa ana kiu, kwa hiyo wananchi wana kiu. Mheshimiwa anasema hayanyweki, kwa hiyo hayanyweki. Karani, umeandika?"

"Nimeandika, Mama."

"Piga muhuri."

Nikapiga. Bi Leokadia alibadilisha miwani mara tatu na hakupata ya kumsaidia. Ndipo mmoja wa wageni aliposimama akapiga makofi, akasema amezunguka dunia na hajaona kiongozi anayejinyima namna hii ili ashuhudie mateso ya watu wake. Wenzake nao wakasimama. Waziri aliposikia makofi ya kigeni, safari hii yasiyo ya huruma, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kalamu, akatia saini kiwanda kifungwe. Tanuri lilizimwa kabla bendi haijamaliza wimbo.

Mama Tausi akaenda ndani, akaja na maji ya mtungini, akampa Mheshimiwa. Alikunywa vikombe vinne bila kupumua. Kisha akakaa chini kwenye vumbi na suti yake, akasema, "Nisamehe, Mama. Nilitia saini bila kuja kuona." Mama Tausi alimwambia anywe kwanza. Mimi hapo nilisahau kuandika.

*

Leo tanuri lile ni banda la kuku. Chemchemi ilisafishwa, ikachukua masika mawili mpaka mbuzi wakairudia. Mheshimiwa Lugome ameomba kustaafu siasa. Nasikia amejenga Nyamwela.

Sheria nayo imeboreshwa. Ili kuwalinda wawakilishi dhidi ya mazingira yanayoweza kupotosha matokeo, Bunge limeamua, kwa dakika ishirini na tano, kwamba kuanzia sasa hapimwi mbunge bali picha yake. Picha inapelekwa mahali pa mradi, inakaa siku thelathini kwenye fremu, inarudishwa. Tumeshatathmini machimbo mawili, kiwanda cha saruji na dampo. Hakuna picha iliyokohoa.

Mwezi uliopita nililetewa kifurushi kutoka Nyamwela. Ndani kulikuwa na kile kikombe cha bati na karatasi yenye mwandiko wa kiuguzi: "Hiki ni cha picha. Siwema amefika mia mbili na kumi."

Nimekiweka kwenye kabati chini ya picha zote kumi na mbili. Kila asubuhi nakijaza maji, kila jioni nachungulia. Hayajapungua hata tone, na hilo ninaliandika kwenye kumbukumbu rasmi, siku hadi siku, na muhuri juu yake. Sheria nimeitoa chini ya mguu wa meza nikaiweka kwenye benchi la wageni. Meza inayumba, lakini nimeshaizoea. Nasubiri mtu wa kuketi.